Furaha ya Jengo la Tisa

1

Wiki ile ile Jengo la Tisa lilipomuua Mwashi Kasanda, ndiyo wiki lilipotangazwa kuwa jengo lenye wapangaji walioridhika kuliko wote katika jiji la Lukindo.

Nyamizi aliliona tangazo hilo akiwa bado amejifunga kanga ya msiba kiunoni. Alikuwa amepita ofisini mara moja tu kuomba ruhusa ya kukaa matanga. Pale ukumbini, kwenye kioo kikubwa cha Kitengo cha Maridhiko, jina la jengo lao lilikuwa juu kabisa, limezungukwa na maua ya kijani yanayochanua na kufumba. Wenzake wawili walikuwa wanapiga makofi.

"Hongera, dada Nyamizi," mmoja akamwambia. "Si ndiko kwenu kule?"

"Ndiko kwetu," Nyamizi alisema, na damu ikampanda kichwani. "Ndiko alikofia mama yangu mdogo Ijumaa. Ukingo wa roshani umekatika, ameanguka kutoka ghorofa ya nne na nguo mbichi mkononi. Piga makofi basi, mbona umeacha?"

Yule kijana akaziangalia kucha zake. Kioo kiliendelea kuchanua maua.

Nyamizi hakuhitaji kuelezwa jambo lilivyokwenda. Yeye alikuwa mkufunzi wa Sikio, kazi yake kulifundisha kutofautisha sauti na sauti, na alilijua lile dude kuliko mtu mwingine yeyote pale. Sikio lenyewe lilikuwa kitu kidogo, kiasi cha kizibo cha soda, kilichobandikwa kwenye dari ya kila sebule ya nyumba za Halmashauri. Liliwekwa mwaka ule dirisha la malalamiko lilipozibwa kwa matofali. Wakubwa walisema wapangaji ni waongo: ukimpa mtu bati jipya atalalamikia misumari. Sauti yake, wakasema, haidanganyi. Basi Sikio likawa linapima pumzi, kasi ya maneno, vicheko, na ule ukimya unaobaki mlango ukishafungwa. Maneno yenyewe halikuyatunza, au ndivyo walivyoapa. Kutokana na sauti za wote likatoa alama moja ya jengo zima, na kutokana na alama mashine yenyewe ikapanga foleni ya magari ya mafundi. Jengo lenye huzuni lilitangulia, lililoridhika likasubiri. Hakuna ofisa aliyehitaji tena kupanda ngazi za watu kuona paa linavuja wapi. Wengine walikuwa na miaka hawajanusa korido ya mpangaji, na walijisifia.

Msiba ulipoanza, kilio kilikuwa kimelisogeza Jengo la Tisa karibu na kichwa cha foleni. Kisha watani wakaja.

2

Wanyamwezi na Wazaramo hawazikani kimya. Mnyamwezi akifa, Mzaramo jirani yake ana haki ya kuvuruga msiba wote, na mwenye msiba hana ruhusa ya kununa. Mwashi alikuwa Mnyamwezi, na aliyekaa chini yake, ghorofa ya tatu, alikuwa Bi Chausiku, Mzaramo wa Mzaramo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Miaka yote wale wawili walitukanana kutoka roshani hadi roshani kila asubuhi, na siku mmoja asipomtukana mwenzake, watu walijua anaumwa.

Bi Chausiku aliingia msibani amevaa gauni la marehemu, kilemba amekipinda vilevile alivyokipinda marehemu. Akasimama katikati ya mkeka wa wafiwa, akashika kiuno.

"Kabula!" akaita, kwa sauti ile ile ya Mwashi, yenye kamasi kidogo. "We Kabula! Nani kamaliza maji kwenye ndoo? Yaani nimetoka kidogo tu, nyumba mshaigeuza soko!"

Kabula, binti wa marehemu, alikuwa hajala tangu Ijumaa. Alinyanyua uso akamtazama mama yake aliyekuwa si mama yake, na kicheko kikamtoka kama mtu aliyepigwa mgongoni. Akacheka hadi akalala ubavu. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka, na mwanawe mdogo, aliyeanza tu kusimama kwa kushika shika ukuta, akacheka naye bila kujua anacheka nini.

Jeneza lilipoinuliwa, Bi Chausiku alilala mlangoni, mzima mzima.

"Halipiti jeneza hapa! Tangu enzi za misafara Wanyamwezi ni wapagazi, wamebeba mizigo ya dunia nzima, leo eti Mnyamwezi anabebwa! Ashuke atembee mwenyewe! Na sufuria yangu ya pilau airudishe kwanza!"

Watu waliangua kicheko mpaka wabebaji wakalazimika kulishusha jeneza chini. Nyamizi naye alicheka. Ndivyo ule mzigo unavyogawanywa, kila mtu akatwaa wake kidogo, mfiwa akaweza kupumua. Baadaye, wengine walipokwenda makaburini, Nyamizi alimkuta Bi Chausiku peke yake jikoni kwa marehemu, ameushika mwiko, hapiki kitu, mabega yanamtikisika.

Yote hayo Sikio liliyasikia kutoka darini. Watu wengi, vicheko vya kutoka tumboni, pumzi zilizolegea, nyimbo. Halijapata kusikia furaha kama hiyo tangu libandikwe. Likaandika alama, na gari la mafundi lililokuwa linakuja Jengo la Tisa likageuzia njiani.

3

Bwana Akwilini, mkuu wa Kitengo, alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililomkera Nyamizi zaidi. Mtu mkorofi unamtukana unaondoka. Huyu alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana na msiba, Nyamizi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," Nyamizi akajibu, kabla hajajizuia. Akajichukia. "Nzuri, ila tumezika. Na tutazika tena msipokuja. Roshani zote za upande ule zina nyufa, Mkuu, unaingiza kidole. Nondo zimeliwa na kutu. Kabula ana mtoto anaanza kutembea, na kile chumba mlango wa roshani haufungi, tumesukumia kabati. Mtoto anapenya nyuma ya kabati. Jana nimemvuta mguu."

"Ningekuwa na uwezo ningewatuma sasa hivi."

"Unao. Simu hiyo hapo."

"Foleni haiguswi kwa mkono, na wewe unajua sababu. Zamani kila diwani alivuta mafundi kwake, wanyonge wakabaki na mvua vitandani. Nikivunja utaratibu kwa ajili ya mfanyakazi wangu, kesho nitamkatalia nani?"

"Basi njoo uone. Kwa macho tu."

"Macho yangu hayatoi alama." Aliyasema hayo kwa upole kabisa, na Nyamizi akatamani kumrushia kiti.

Akwilini akaketi, akavuta kiti chake karibu na meza.

"Kuna njia moja iliyo halali. Sikio limekosea kwa sababu halijafundishwa. Utani wa msibani halijui. Hilo si kosa lake, ni somo letu lililokuwa na pengo. Msiba wenu wote limeurekodi. Kaa nao, uweke alama: kicheko hiki ni cha furaha, kicheko hiki ni cha uchungu. Hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo isipokuwa mtu aliyekuwepo, mwenye mila yake. Likishaelewa litajisahihisha, alama zenu zitaporomoka, na kesho asubuhi gari liko mlangoni kwenu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nyamizi alimwona mtoto wa Kabula, kile kiguu chenye vumbi nyuma ya kabati.

"Na likishaelewa, Mkuu, litaelewa kwetu tu?"

Akwilini alinyoosha kalamu zake mezani.

"Litaelewa kwa wote."

"Litamjua anayecheka huku moyo unamuuma."

"Mmoja mmoja, ndiyo. Mkataba mpya wa upangaji unataka hivyo."

Nyamizi aliujua mkataba mpya. Halmashauri ilikuwa imegundua kwamba jengo linaweza kuridhishwa bila msumari hata mmoja: waondoe wenye manung'uniko, watakaobaki watakuwa wameridhika. Familia ya Mzee Pazi, ghorofa ya kwanza, ilihamishiwa Kambi ya Utulivu nje ya mji kwa sababu mzee alizoea kufoka bomba likikauka. Ilikuwa rahisi kumpata, alifoka kwa sauti. Waliosalimika ni wale waliojua kumeza. Ukimuuliza habari, mtu wa Jengo la Tisa atakwambia nzuri, atacheka, atakuchekesha, na hasira yake ataifungia mahali ambapo mashine haikuwa na ufunguo. Sasa ufunguo ulikuwa unatakiwa kutoka kwake yeye, na wa kwanza kufunguliwa wangekuwa Kabula na Bi Chausiku.

"Kwa hiyo nichague," alisema kwa ghadhabu. "Mtoto aanguke, au niwauze waliomlea."

"Usiseme hivyo. Ni marekebisho ya kitaalamu."

"Mama yangu mdogo naye ni marekebisho?"

 Bwana Akwilini akamwambia chumba cha mafunzo kiko wazi, achukue muda wake.

4

Alikwenda. Atakayemlaumu na amlaumu, lakini huyo hajawahi kumvuta mtoto mguu nyuma ya kabati.

Alivaa hedifoni, akaufungua msiba. Sauti ya Bi Chausiku ikamjaa masikioni: Nani kamaliza maji kwenye ndoo? Kisha kicheko cha Kabula, na kando yake, kwenye kioo, duara tupu lililosubiri alama. Uchungu. Neno moja tu. Nyamizi aliweka kidole karibu na kioo, akakaa hivyo mpaka mkono ukamchoka. Kile kicheko kilikuwa kitu pekee Kabula alichobaki nacho ambacho Halmashauri haikukimiliki. Hakuweza. Akakiruka.

Badala yake akarudi nyuma, hadi Ijumaa asubuhi, kwa mama mdogo mwenyewe. Hakujua kwa nini alijitesa hivyo. Labda alitaka tu kumsikia.

"We Chausiku!" Mwashi alikuwa anaita kutoka roshani, mbali kidogo na dari ya sebule, lakini anasikika. "Bado umelala? Ndiyo maana Wazaramo mliuza mashamba yote, mtalima saa ngapi?"

Kutoka chini ilisikika sauti nzito: "Anika nguo zako, mpagazi we!"

Mwashi akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu aliyeamka vizuri. Sikio lilikuwa limekipa alama ya juu kuliko zote za siku hiyo. Halafu kioo kikaonyesha pengo, mstari wa kijivu, na chini yake maneno: *sauti isiyo ya mtu, imetupwa.* Baada ya pengo ulikuja ukimya, kisha yowe la Bi Chausiku huko chini.

Nyamizi aliutazama ule mstari wa kijivu. Lilikuwa somo lake mwenyewe la kwanza kabisa, ndivyo kila mkufunzi alivyoagizwa: chekecha kama mtu anayechekecha unga, sauti za watu zibaki, makapi yatupwe. Magari, mvua, milango, viti. Makapi yalikaa mwezi mmoja kwenye kapu la kutupia kabla ya kufutwa. Akalifungua kapu.

Ukingo ulikatika kwa mlio mmoja mkavu. Lakini kabla ya huo ulikuwepo mwingine, mdogo, siku iliyotangulia. Na mwingine wiki iliyopita, upepo ulipovuma. Na mwingine, na mwingine. Nondo zilikuwa zinalia usiku na mchana, zege lilikuwa linadondoka punje punje sakafuni, bomba la ukutani lilikuwa linatoa pumzi ya mgonjwa, na Sikio lilikuwa limevisikia vyote, vizuri kabisa, kisha likavitupa. Nyumba ilikuwa imelalamika mwezi mzima. Hakuna aliyekuwa ameagiza isikilizwe. Walibandika masikio kwenye nyumba mbovu, wakaagiza yapeleleze kama waliomo wameridhika.

Alivua hedifoni, akapiga kelele. Ilikuwa kelele tu, isiyo na neno, na dari ya chumba cha mafunzo ikaipokea ikaihesabu. Mtu alichungulia mlangoni, akaona uso wake, akafunga.

Kisha akaanza kazi. Hakugusa msiba. Alilimwaga kapu la makapi la jiji zima mbele yake, akaweka alama mchana kutwa: huu ni ufa, hii ni pampu inayokufa, hili ni paa linalovuja, hizi ni nondo zenye kutu, hii ni lifti iliyokwama na haitatoka.  Alipomaliza akarudi kwenye lile agizo la kwanza, akaligeuza lile chekeche juu chini. Yaliyokuwa makapi ndiyo yakawa ya kuhesabiwa. Sauti ya mtu, iwe ya kicheko, ya kilio, ya matusi au ya dua, ikawa ya kutupwa papo hapo, bila kukaa kapuni.

Alijua atafukuzwa, na pengine atashtakiwa. Akabonyeza, akaenda kwao kusaidia kuosha masufuria.

5

Asubuhi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Turubai lilikuwa bado limetandwa uwanjani chini ya Jengo la Tisa, upande wa pili, mbali na zile roshani, na uji ulikuwa unagawiwa. Gari la mafundi liliingia bila kuitwa, kubwa, la njano, limebeba jukwaa la kupandia na mifuko ya saruji. Fundi Ndimbo, mzee mwenye kofia ya plastiki, akashuka akiwa amechanganyikiwa.

"Mna nini humu?" akauliza. "Jana mlikuwa wa mwisho kwenye foleni, leo ni wa kwanza. Na alama za jiji zima zimeshuka, kila jengo linalia. Haijapata kutokea."

Kabla hajajibiwa, gari dogo jeupe likaja kwa kasi, likafunga breki karibu na mkeka wa wanawake. Bwana Akwilini akatoka bila koti.

"Ndimbo! Geuza gari. Hiyo ni amri ya uongo." Kisha akamwona Nyamizi, na ile adabu yake yote ikamtoka usoni. "Umeliharibu Sikio! Unajua liligharimu nini? Haliwasikii tena wapangaji hata kidogo!"

"Hawakuomba kusikilizwa vyumbani mwao," Nyamizi alisema. Naye hakupunguza sauti, aliipandisha, mbele ya msiba wote. "Waliomba ukingo! Mmekaa miaka mnawapima mioyo kama vile ni wao wenye nyufa! Lile jengo lilikuwa linalia, Mkuu, nimelisikia, mwezi mzima, na sisi tukalitupa kapuni! Nifukuze. Nipeleke mahakamani. Lakini hilo gari halirudi."

"Geuza gari, Ndimbo."

Ndimbo alirudi garini, akashika usukani nusu nusu. Ndipo Bi Chausiku alipoinuka, bado na lile gauni la marehemu, akachukua mkeka wake, akautandika mbele ya tairi la gari, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mama, tafadhali toka hapo," Akwilini akasema.

"Sitoki. Mimi mtani wa marehemu. Msibani kwa mtani wangu nikamatacho ni changu, na hakuna kununa."

"Umekamata nini?"

"Gari. Na wewe ukizidi kusema nakukamata na wewe, uoshe vyombo."

Watu wakacheka, hata mafundi, hata Kabula aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga mbili ili asiponyoke. Akwilini mwenyewe midomo ilimcheza, maana na yeye kwao wana watani. Akasimama hajui la kufanya. Katika kusimama kwake huko Ndimbo aliona nafasi, akashuka na nyundo yake, akapanda ngazi.

Alitokea baada ya kitambo ghorofa ya nne, kwenye roshani ya jirani wa Mwashi, ile iliyoonekana nzima. Akwilini alizunguka upande ule ili aonekane anampigia kelele ashuke, na watu wote wakamfuata, Bi Chausiku naye akiburuta mkeka. Ndimbo hakutumia hata kichwa cha nyundo. Aliugonga ukingo kwa mpini, mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

Ukingo wote ukaondoka. Ulishuka mzima, ukapasuka karibu na pale alipoangukia Mwashi, hatua chache kutoka viatu vya Bwana Akwilini, na vumbi la zege likampaka suruali mpaka magotini. Huko juu Ndimbo alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Hapakuwa na aliyecheka.  Kabula alimfunika mtoto kichwa kwa kiganja, ingawa ukingo ulikuwa umeshaanguka. Akwilini alikuwa anaitazama nondo iliyochomoza kwenye zege, nyekundu, nyembamba kama njiti, na mdomo wake ulikuwa wazi.

Bi Chausiku akamsogelea. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na hakuyafuta. Akampa mkono.

"Hata hatujasalimiana, baba," akasema kwa upole. "Habari za hapa kwetu?"

"Nzuri," akajibu Bwana Akwilini.

Alilelewa hivyo, lilimtoka tu. Akabaki amelishika lile neno mdomoni, mkono wake mkononi mwa Bi Chausiku, na kwenye dari za jengo zima hapakuwa na Sikio hata moja la kumhesabia.